Aliyeitika Jina la Aristote

Kipushi, tarehe 13 Januari 2025

Papa mpendwa,

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu. Juzi ulinijibu "ndiyo, mvua inanyesha" wakati mimi nilikuwa nakuuliza kama umekula. Barua hii ataileta Clovis, yule dereva wa taxi ya Kipushi. Mpe na jibu arudi nalo.

Clovis ameniambia alikuona ukishuka ngazi za biro yenu ya serikali umeshikwa mikono na watu, huku na huku. Ulianguka? Mimi ni muuguzi, usinifiche. Umri wako ni wa kukaa barazani na kumdekeza mjukuu wako Chancelvie. Badala yake, kila asubuhi unapanda ghorofani kuandikia makampuni barua za kuyakumbusha kwamba mfanyakazi aliyezeeka lazima apumzishwe. Je, barua hiyo serikali imeshawahi kujiandikia yenyewe?

Njoo ukae kwangu, Papa. Chumba kiko tayari. Na kile kitanda kifupi nilichokununulia bado kinakungoja, usipate shida ya kupanda.

Binti yako,
Graciella


Kampemba, Lubumbashi, tarehe 17 Januari 2025

Mwanangu Graciella,

Sikuanguka. Ngazi zilikuwa na maji ya mvua, nikakaa. Wale watu walinishika kwa heshima tu.

Umeniuliza tena kwa nini siachi kazi. Katika kazi ya serikali mtu haachi, anaachiliwa. Karatasi ya kupumzika inatoka Kinshasa ikiwa na jina lako. Ukiondoka kabla haijafika, unaitwa mtoro wa kazi, na miaka yako yote inaanguka chini, wewe na wale utakaowaacha nyuma yako. Kwa hiyo sisi wazee wa Biro ya Ustawi Kazini tunangoja. Wengine wetu hata kazi yenyewe wameshaisahau. Wanakuja kungoja tu.

Aristote Chisanga unamkumbuka, rafiki yangu aliyekuwa akikuletea karanga ulipokuwa mdogo. Naye alingoja mpaka mwezi wa Desemba, akafa kabla ya Noeli, kama ujuavyo. Kiti chake bado kinatazamana na changu, na koti lake liko juu ya kiti kama alivyolitundika mwenyewe. Hakuna anayeruhusiwa kukiondoa, maana kule Kinshasa Aristote hajafa. Madame Régine, mkuu wetu, ameandika, ameandika tena, hawajamjibu. Mama anayefagia anapitisha ufagio pembeni, chini ya kile kiti hagusi. Na kwa mvua hizi koti linaota ukungu. Mimi ndiye ninayelipangusa.

Asubuhi nikiingia namsalimia. Usicheke. Naye anakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema neno.

Tumesikia wajumbe wa Kinshasa watakuja kutuhesabu. Wakishapita, nitapumzika.

Baba yako,
Ézéchiel Kapya


Kipushi, tarehe 28 Januari 2025

Madame Régine,

Mimi ni Graciella, binti wa Mzee Ézéchiel Kapya. Nilifika hapo kwenu siku ya Alhamisi. Hukuwepo, na baba yangu alikuwa ametumwa mjini, ndiyo sababu nakuandikia. Yeye hajui kwamba nilikuja. Naomba asijue.

Nilitaka tu kuona mahali anapokaa. Nilipanda zile ngazi mimi mwenyewe na nikashikwa na pumzi. Ndani nikakuta wazee wenye umri wa kulazwa kwangu hospitalini, kila mmoja mbele ya meza yake, wengine wamefumba macho. Nikauliza kiti cha baba yangu ni kipi. Mmoja akanionyesha. Nikataka kukaa kwenye kile cha mbele yake nimngoje kidogo. Wote walifumbua macho kwa pamoja.

"Hapana, mama," mzee mmoja akaniambia. "Ile kiti iko na mwenyewe."

Madame, mwenyewe wa kiti hicho alizikwa. Mimi nilichangia sanda yake. Na baba yangu ananiandikia kwamba anamsikia akikohoa.

Ninyi ndio mnaopita kwenye viwanda kuuliza kama watu wana maji ya kunywa, kama wazee wamepumzishwa, kama wajane wamepewa haki yao. Ni nani anayepita kwenu? Nieleze ninyi mnamjibu nani, nami niende kwa huyo. Na tafadhali mwachilie baba yangu angali anajua jina langu.

Graciella Kapya


Lubumbashi, tarehe 5 Februari 2025

Mwanangu Graciella,

Umeniandikia kwa ukali, na mimi sikukasirika. Ningekuwa binti wa Mzee Kapya ningeandika vibaya zaidi.

Kumwachilia siwezi. Si kwamba sitaki. Nikimwambia leo abaki nyumbani, kesho jina lake linakwenda Kinshasa kama mtoro, na mimi ndiye nitakayekuwa nimempokonya haki yake. Nikimwambia aendelee kuja, ngazi zitamuua. Mwezi uliopita ameanguka, na si mara moja. Najua hakukwambia.

Kuna jingine ambalo naona hakukwambia. Siku Aristote alipokufa hakuwa nyumbani wala hospitali. Alikuwa kwenye kile kiti. Baada ya chakula cha mchana aliegemeza kichwa mezani, na sisi tukadhani amesinzia kama wazee wanavyosinzia. Baba yako, kwa vile hasikii vizuri, hana kawaida ya kungoja jibu. Alikaa akimsimulia habari mchana mzima. Alimsimulia juu yako, juu ya kitanda ulichomnunulia, juu ya Kipushi, kwamba wote wawili siku moja watakwenda kukaa kule barazani kwako wawe wanacheza dama. Tulipokuja kufunga madirisha ndipo mama wa ufagio alipomgusa Aristote begani.

Tangu siku ile baba yako akiongea na mtu anasimama katikati ya maneno, anangoja kwanza ajibiwe.

Unauliza namjibu nani. Namjibu mkubwa wa jimbo, naye anasema mambo haya ni ya Kinshasa. Nikiandika Kinshasa, wanasema nipitie kwa mkubwa wa jimbo. Lakini kuna tume ya wabunge wa jimbo inayopokea malalamiko ya kazi. Mimi kama mkuu wa biro sina ruhusa ya kwenda pale bila kuitwa. Wewe huhitaji kuitwa. Na mjane wa Aristote, Mama Mujinga, anakaa Kampemba, si mbali na baba yako.

Sikukwambia neno.

Régine


Kampemba, tarehe 2 Machi 2025

Mwanangu Graciella, mama yangu,

Wajumbe wamekuja. Nakuandikia upesi maana sitaki kesho niseme niliota.

Walikuwa wawili. Aliyeita majina ni kijana mzaliwa wa Likasi, anaongea Kiswahili chetu. Alikuwa na machine yake ndogo ya kompyuta mapajani. Akatuambia: "Bazee, mutanisamehe. Kila muntu nitamuita, aitike. Asiyeitika, namutosha, jina yake inatoka. Akuwe mugonjwa, akuwe ku fasi ya mbali, namutosha."

Madame Régine akasimama. "Na aliyekufa?"

"Mu machine hakuna aliyekufa, Mama. Kama alikufa na machine haijue, basi alitoroka."

Madame akamweleza habari ya Aristote. Alimweleza vizuri, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kijana akasema pole, lakini yeye ametumwa kusikiliza sauti, hakutumwa kusikiliza habari. Nikamfikiria Mujinga. Aristote akiandikwa mtoro, Mujinga ni mke wa mtoro, na mke wa mtoro hana chochote mbele ya serikali.

Majina yakaitwa. Wazee wakawa wanaitika, mmoja anasimama, mwingine anashindwa kusimama na kuinua mkono tu. Kisha akaita: "Aristote Chisanga!"

Nikasikia kikohozi chake kwenye kile kiti. Kisha akasema, "Iko," kama alivyokuwa akiitika siku zote.

Graciella, mimi masikio yangu unayajua. Kengele ya kanisa naisikia kama nzi. Sauti ile niliisikia kama mtu ameniwekea mdomo hapa shingoni. Kijana hakuinua kichwa, akagusa machine yake na kupita kwenye jina lingine. Hakuna aliyegeuka kutazama. Tulikuwa kama watoto waliokatazwa kutazama.

Mwisho akataka wazee wote wanaostahili kupumzika wasogee mbele. Akatutazama, akatazama machine yake. "Aristote eko wapi?"

Nikasimama. Nikamwonyesha kiti na koti. Nikamwambia: "Ni yule. Amekufa palepale, anawangoja ninyi. Mlimwita, ameitika. Mnataka afanye nini tena?"

Kijana akalitazama koti. Uso wake ukawa kama majivu. "Basi nani aliitika?"

Mwenzake akamwambia kwa sauti ndogo afute. Yeye akafunga machine, akasema: "Nikifuta, wataniuliza sababu. Nitabaambia nilisikia nini?"

Wakaondoka bila kunywa chai.

Sikuwahi kukwambia Aristote alivyokufa. Sasa huna budi kujua: nilimsemesha mchana mzima, naye hayupo. Nafikiri alikuwa na jibu, likamchelewa.

Baba yako,
Ézéchiel


Lubumbashi, tarehe 4 Machi 2025

Mwanangu Graciella,

Baba yako lazima amekuandikia. Na wewe kama muuguzi lazima umeshafikiri kwamba ni yeye aliyeitika, kwa huruma au kwa uchovu wa akili. Nami nilifikiri angefanya hivyo. Kwa hiyo jina la Aristote lilipoitwa nilikuwa nautazama mdomo wake.

Haukufunguka.

Niliisikia sauti. Nimefanya kazi na Aristote tangu nilipokuwa msichana wa kupiga chapa, siwezi kuikosea. Nakuandikia ujue kwamba baba yako si mwenda wazimu, au kama ni wazimu, basi sote biro nzima tunao.

Usiache ile safari ya kwa wabunge.

Régine


Kipushi, tarehe 10 Machi 2025

Papa,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Sitakuuliza tena unasikia nini.

Mimi nimekuwa Lubumbashi kila nilipopata siku ya mapumziko, na sikukupitia. Nilikuwa na Mama Mujinga. Tumekwenda kwa wabunge wa jimbo. Mara ya kwanza walinzi walitukalisha nje mpaka ofisi zikafungwa. Mara ya pili Mama Mujinga alikaa chini kwenye mlango wenyewe, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kumlilia mume wake kama siku ya matanga, kwa sauti yote. Wakubwa wakatoka mbio. Mmoja akamuuliza, "Mama, unalilia nani hapa?" Akajibu: "Nalilia mutumishi wenu. Mi nangoja munipe ruhusa ya kufiwa naye, sababu serikali inakatala, inasema eko muzima."

Wametupokea. Wamesema watamwita mkubwa wa jimbo ajieleze.

Kaa chini unapopanda ngazi. Usione haya.

Graciella


Kampemba, tarehe 21 Mei 2025

Mwanangu,

Karatasi imefika kutoka Kinshasa. Aristote amepumzishwa kwa heshima. Wameandika shukrani za taifa kwa utumishi wake na kumtakia afya njema. Madame alitusomea kwa sauti, na alipofika kwenye afya njema mzee mmoja akaanza kucheka, tukacheka wote mpaka machozi, na machozi yakabaki wakati kicheko kimeisha. Sasa Mujinga anaweza kupeleka cheti cha kifo, maana mtu aliyepumzishwa anaruhusiwa kufa.

Mimi simo. Kwenye machine yao mwaka wangu wa kuzaliwa umekosewa. Kinshasa mimi ni kijana, nina umri wako. Wameniandikia niendelee kulitumikia taifa kwa nguvu za ujana.

Nilikubali, mwanangu. Nilisema nitaendelea kungoja. Mujinga akaja kuchukua koti, kiti kikapelekwa stoo, na mbele yangu ukabaki ukuta. Nilimsalimia Aristote asubuhi iliyofuata. Hakukohoa. Nilifurahi kwa ajili yake, kisha nikaona baridi.

Leo asubuhi Madame aliita majina kama kawaida. Akafika kwangu. "Ézéchiel Kapya." Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno nikasikia: "Iko."

Ilikuwa sauti yangu. Ilitoka pale nilipokuwa nimekaa. Madame hakuinua macho, akaandika, akapita kwa mwingine. Nilibaki na mdomo wazi na neno langu ndani, limekosa kazi.

Niliogopa sana, Graciella. Si kufa. Niliogopa kwamba naweza kuondoka hapa nisionekane nimeondoka, nikafa nisionekane nimekufa, na kazi ikaendelea. Nikachukua kofia yangu. Nikashuka zile ngazi nimeshika ukuta, na hakuna aliyeniita nyuma.

Waniite mtoro. Kesho nitapanda gari la Clovis. Barua hii anaitanguliza leo, upike bukari mapema, ule ugali wako.

Baba yako


Lubumbashi, tarehe 30 Juni 2025

Mwanangu Graciella,

Nakuandikia kutoka nyumbani. Nimesimamishwa kazi, na nitakueleza kwa nini.

Siku ile sikujua kwamba baba yako ameondoka. Naapa. Siku zilizofuata niliendelea kumwita, kwa kuwa sheria inasema kila jina liitwe mpaka Kinshasa iliondoe, na kila nilipomwita aliitika. Niliandika yupo. Wiki nzima niliandika yupo. Kisha Clovis akaniletea salamu zake kutoka Kipushi, nikainua macho na kukitazama kiti.

Tume ya wabunge iliniita. Mkubwa wa jimbo alikuwa ameketi upande wa pili, amevaa suti nzuri, akawaambia kwamba biro yangu iko kamili, wafanyakazi wote wapo, hakuna mzee aliyesahauliwa, na ushahidi ni mahudhurio niliyoyaandika mimi mwenyewe. Wakanigeukia.

Nikasema: "Waheshimiwa, ni kweli wote wanaitika. Lakini mmoja aliitika akiwa amekwisha kufa na mwingine anaitika akiwa Kipushi. Kama serikali inahitaji sauti tu, inazo. Watu wenyewe iwaachilie waende."

Mkubwa akasema mimi ni mgonjwa. Mbunge mmoja, mwanamke, hakucheka. Akasema twende tukaone. Wakaja, Graciella. Walipanda ngazi wakihema. Yule mama akaniomba niite majina mbele yao. Nikakataa. Ndiyo sababu nimesimamishwa. Nilimwambia mkubwa mbele ya watu wote: "Ita weye mwenyewe."

Hakuita. Alisimama na karatasi mkononi, akafungua mdomo, akatazama vile viti, akaufunga.

Mwambie baba yako asirudi, hata akitumiwa gari.

Régine


Kipushi, tarehe 19 Agosti 2025

Madame Régine, mama yetu,

Nimesikia wamekurudisha kazini, na kwamba ulikataa kurudi mpaka wazee wote washuke kwanza. Mama Mujinga alikuja kunisimulia. Mambo yake yamekubaliwa. Alisema alipoitwa "mjane" na mtu wa serikali kwa mara ya kwanza alimshukuru, kisha akafika nyumbani, akajifungia, akalia upya.

Karatasi ya baba nayo imefika. Wamesahihisha umri. Wameandika kwamba utoro wake umefutwa.

Anaishi vizuri. Anakula, na miguu imepungua kuvimba. Chancelvie anamfundisha kumchana nywele. Lakini kuna jambo ambalo wewe peke yako utalielewa, kwa hiyo nakwambia. Tukimwita kula, haitiki mara moja. Anainua kidole, ananyamaza na kusikiliza. Kwanza nilidhani ni masikio yake. Sasa mtoto naye ameshazoea, anamwita babu yake kisha wote wawili wanangoja.

Jana nilimsomea karatasi. Alikuwa amekaa kwenye jua la asubuhi, na blanketi, maana baridi ya huku bado haijaisha. Nikasoma jina lake lote kama lilivyoandikwa. Akainua kidole. Kuku walikuwa wakiparua uani na mbali lori za machimbo zilikuwa zikipita.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Umesikia kitu?"

"Hapana, Papa. Sikusikia kitu."

Akangoja tena kidogo, ananitazama kana kwamba mimi ningeweza kumficha. Kisha akashusha mkono, akakohoa, na kusema polepole:

"Niko. Miye mwenyewe."

Graciella